Usikate Kichwa: Mwongozo kwa Anayetaka Kukusanya Barua za Wanajeshi

Kabla hujanunua barua hata moja, nenda kaangalie meza ya kulia chakula nyumbani kwenu. Kama haiwezi kukaa siku 3 bila sahani juu yake, tafuta meza nyingine, maana kuanzia sasa utakuwa na wageni, na wageni wenyewe ni makuruta wa miaka 19 kutoka kambi za Marekani za mwaka 1942. Mwenzako umweleze mapema, tena akiwa ameshiba. Bei usimfiche. Bahasha zina tabia ya kuzaana, na siku atakapozikuta 200 chini ya kitanda hatauliza habari za Vita Kuu ya Pili.

Ninazozungumzia ni barua zilizoandikwa kwenye karatasi zenye kichwa cha jeshi. Juu pamechapwa jina la kambi, tai aliyetanua mabawa, bendera, pengine kifaru au ndege. Chini yake kijana wa watu anamweleza mama yake kwamba soksi hazitoshi. Wakusanyaji wa vitu hivi wamegawanyika. Wapo wanaotaka kichwa tu, kwa ajili ya rangi na michoro. Wapo wanaotaka kiwiliwili tu, yaani maneno. Na wapo watu wa stempu, ambao shida yao ni kona ya juu kulia ya bahasha, basi. Mimi nina upande wangu na sitauhama: barua ni kichwa, kiwiliwili na bahasha yake. Anayevitenganisha anamaliza kitu ambacho vita vyenyewe vilishindwa kukimaliza.

Sasa twende sokoni. Naishi Worcester, Massachusetts, na si mbali na hapa kuna mji mdogo uitwao Brimfield, ambao mara 3 kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba, hugeuka gulio kubwa la vitu vya kale. Fika alfajiri. Beba tochi, penseli na noti ndogondogo. Usimuulize muuzaji kama ana barua za vita, kwa sababu ukilitaja neno vita bei inasimama wima kama askari wa zamu. Uliza kama ana makaratasi ya zamani, kisha nyamaza na upekue.

Mwaka mmoja nilimkuta pale muuzaji mwenye makasha 3 ya viatu juu ya meza. La kwanza lilikuwa la bahasha na stempu. La pili lilikuwa la karatasi zenye vichwa vizuri, kila moja ndani ya plastiki yake na bei yake. La tatu lilikuwa la kurasa zisizo na picha, zimerundikwa tu. Nikatoa moja katika kasha la pili: Camp Blanding, Florida, bunduki 2 zilizopishana, wino wa bluu, mwandiko ulioinamia kulia. Kijana anasema ameumwa wiki nzima, kambi nzima inakohoa, na asubuhi ile alipelekwa kwa daktari, na daktari akamwambia. Hapo ukurasa umekwisha.

Nikamuuliza muuzaji ukurasa wa pili uko wapi. Akanionyesha kasha la tatu kwa kidole, kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mtu msalani. Nilipiga magoti kwenye nyasi muda wa saa nzima nikilinganisha miandiko, mikunjo na rangi ya karatasi. Niliunganisha barua 4 za watu wengine. Ile ya daktari haikupatikana, na bahasha yake ilikuwa imeuzwa asubuhi hiyohiyo. Ni mwaka wa 6 sasa karatasi ile iko kwangu, na sijui daktari alisema nini.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ndiyo hii: nunua fungu zima au usinunue. Ukikuta barua zimefungwa kwa utepe, usifungue utepe uchukue 3 zenye picha nzuri. Mwambie muuzaji unalitaka fungu lote. Kama huna hela ya kutosha, omba akuwekee, piga simu, kopa kwa shemeji. Fungu likishavunjwa halirudi, kwa sababu kila kipande kimeenda na mtu wake, mmoja yuko Texas na mwingine yuko Kanada, na hawajuani.

Ukishapata fungu, jifunze kusoma kichwa kabla ya kusoma barua. Bunduki 2 zilizopishana ni askari wa miguu. Mizinga 2 iliyopishana ni kikosi cha mizinga. Panga 2 ni wapanda farasi. Ngome yenye minara ni wahandisi. Bendera 2 na mwenge katikati ni watu wa mawasiliano. Fimbo yenye mabawa na nyoka 2 ni matabibu. Rafadha yenye mabawa ni jeshi la anga. Lakini usikiamini kichwa peke yake. Karatasi hizi ziliuzwa katika maduka ya kambini, na kijana aliyeishiwa alimwomba wa kitanda cha jirani. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu wa mizinga anaandika chini ya bunduki za watu wa miguu. Bahasha ndiyo inayosema kweli, ikiwa hukuiacha sokoni.

Karatasi nyingine hazikununuliwa, ziligawiwa bure. Katika Vita Kuu ya Kwanza, chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, kiliwapa wanajeshi wa Marekani karatasi zenye pembetatu nyekundu. Tarehe 4 Februari 1941 vyama 6 vya hisani, YMCA kikiwa kimojawapo pamoja na Jeshi la Wokovu, Wakatoliki na Wayahudi, viliungana kuunda USO, na kumbi za USO zikawa mahali ambapo askari alipata kahawa, meza, kalamu na karatasi. Mtu aliyewawekea karatasi mezani alijua anachofanya. Kijana wa miaka 19 hatatembea maili 2 kutafuta karatasi, ila ikiwa mbele yake, na kahawa iko mkononi, ataandika.

Mila yenyewe ya karatasi zenye picha ni ya zamani zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, wachapaji walimwaga sokoni maelfu ya aina za bahasha na karatasi zenye bendera, majenerali na miungu wa kike wa uhuru. Charles Magnus wa New York alikuwa gwiji wao. Baadhi ya kazi zake zilipakwa rangi kwa mkono. Mwaka huohuo sheria iliruhusu askari kutuma barua bila kulipa, na senti 3 akazilipa aliyeipokea. Upande wa Kusini karatasi iliadimika, watu wakazigeuza bahasha zilizokwisha kutumika ndani nje, na wengine wakakata za kwao kutoka kwenye karatasi za kubandika ukutani. Ukiwahi kushika bahasha yenye maua ya sebule ya mtu kwa ndani, utaielewa ile vita kuliko kwa kutazama ramani.

Fungu ninalolipenda kuliko yote lilinijia na barua 27 za kijana mmoja wa huku New England. Jina lake nalihifadhi. Barua 2 za kwanza ni za Fort Devens, Massachusetts, ambako vijana wa majimbo haya walipokelewa jeshini. Karatasi ni nene, tai wa bluu ametulia, mwandiko umenyooka kama wa mtoto aliyesimamiwa na mwalimu. Kumi zinazofuata ni za Camp Blanding. Hapo kichwa kinapiga kelele: mitende, jua, bunduki, jina la kambi kwa herufi nene nyekundu. Kiwiliwili kinalalamika vidole vya miguu. Halafu ipo 1 ya Camp Kilmer, New Jersey, kwenye karatasi ya USO. Kilmer ilikuwa kambi ya kusubiri meli, na barua hiyo ina mistari 9 tu, haina neno lolote kuhusu meli.

Baada ya hapo kichwa kinanyamaza. Ng'ambo hakuruhusiwa kutaja alipo. Barua 5 ziko kwenye karatasi za Msalaba Mwekundu, na juu ameandika kwa mkono kwamba yuko mahali fulani Uingereza. Anwani yake ni namba ya posta ya jeshi iliyopitia New York. Zinafuata 6 za V-mail, ndogo kama kiganja. Halafu 2 za penseli kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa daftarini, hazina kichwa kabisa. Ya 27 ina kichwa tena, lakini si cha Marekani: ni karatasi ya duka moja la Kijerumani, yenye zile herufi zao za kale zilizochongoka. Amelikata jina la duka kwa mstari mmoja, na juu yake ameandika kwamba anamsalimu mama. Ni ya Mei 1945.

Zitandaze barua hizo 27 mezani kwa mpangilio wa tarehe, usome vichwa peke yake. Kadiri kijana alivyoisogelea vita ndivyo karatasi yake ilivyopoteza rangi, jina, na mwishowe kichwa chenyewe. Hilo halimo katika barua yoyote kati ya zile 27. Limo katika fungu.

Niseme kidogo kuhusu V-mail, maana wapenda vichwa huzidharau. Zilianza tarehe 15 Juni 1942. Askari aliandika kwenye fomu maalumu, fomu ikapigwa picha kwenye filamu ya milimita 16, filamu ikapanda ndege, na huko ilikokwenda ikachapwa upya katika karatasi ndogo. Barua 150,000 za ukurasa mmoja zilijaza magunia 37. Zikigeuzwa filamu zilitosha gunia 1. Hadi huduma ilipokoma Novemba 1945 zilikuwa zimepita zaidi ya bilioni 1. Kina mama na wachumba waliobusu fomu kwa midomo yenye rangi walizichafua mashine, hata wahudumu wakaipa rangi ya midomo jina la balaa jekundu. Kwa hiyo unachoshika ni picha ya barua, na bado inafaa kutunzwa, kwa sababu kwa kawaida fomu iliyoguswa na mkono wa kijana haikumfikia mtu wake. Picha hiyo ndiyo mama aliyoipata.

Bahasha sasa. Kona ya juu kulia, mahali pa stempu, kuanzia Aprili 1942 askari wa Marekani aliandika kwa mkono wake neno Free, na barua ikaenda bure. Akitaka ndege alilipa senti 6. Kona ya juu kushoto kuna jina, cheo na namba yake ya jeshi. Namba hiyo usiiruke. Ikianza na 1, alijiunga kwa hiari. Ikianza na 2, alitoka katika kikosi cha akiba cha jimbo. Ikianza na 3, aliitwa kwa sheria, na tarakimu ya pili inaonyesha kanda alikoandikishwa. Kijana wangu wa barua 27 anaanza na 31, yaani aliitwa, tena kutoka huku huku New England. Mama yake hakuhitaji kuambiwa hayo. Mimi niliyezaliwa Tanga miaka mingi baadaye nayahitaji.

Anayeona namba ni jambo dogo na awakumbuke wanawake wa batalioni ya 6888. Hao walikuwa wanawake 855, karibu wote Wamarekani Weusi, chini ya Meja Charity Adams, waliofika Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa 1945 na kukuta mabohari yamejaa barua zilizokwama, zinazokadiriwa kufikia milioni 17. Walipewa miezi 6 wazimalize. Walifanya kazi kwa zamu 3, usiku na mchana, kwenye mabohari yenye baridi na madirisha yaliyozibwa kwa sababu ya ndege za adui, wakamaliza kwa miezi 3. Akina Robert Smith peke yao walikuwa zaidi ya 7,500, na kilichomtenga mmoja na mwenzake ni namba ya jeshi. Hawa walifanya kazi hiyo katika jeshi lililowatenga kwa rangi yao. Amri ya rais ya kuukomesha utengano huo ilikuja tarehe 26 Julai 1948. Kwa hiyo ukikuta karatasi ya Fort Huachuca, Arizona, au ya Tuskegee, Alabama, ambako wanajeshi Weusi walifunzwa, ishike kwa mikono 2. Tai wa kichwani ni yuleyule. Soma kiwiliwili uone kama naye aliwatendea vilevile.

Chini kushoto mwa bahasha iliyotoka ng'ambo utakuta muhuri wa mkaguzi na sahihi ya ofisa. Ofisa wa kikosi alizisoma barua za vijana wake mwenyewe, na penye siri alikata kwa wembe au kufuta kwa wino. Fikiria unamwandikia mkeo maneno ya chumbani, na anayeyasoma kwanza ni bosi wako wa kila siku. Ndiyo maana kulikuwa na bahasha ya bluu, iliyompa askari nafasi ya kusomwa na mkaguzi wa mbali asiyemjua. Ukipata ya bluu, jua ndani yake kulikuwa na jambo. Na tundu la wembe usilizibe kwa karatasi. Ni sehemu ya barua.

Kuhusu bandia nitakwenda haraka, kwa sababu karatasi za kawaida za kambini si ghali kiasi cha kumtia mtu tamaa ya kuzighushi. Kalamu ya bomba, hii ya biki tunayotumia kila siku, ilianza kuuzwa madukani Marekani tarehe 29 Oktoba 1945, mjini New York, kwa dola 12 na senti 50. Kuruta wa Florida aliyeandika kwa biki mwaka 1943 mwache na muuzaji wake. Namba za posta za tarakimu 5 zilianza Julai 1963. Na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani itakufaa sana: karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha weupe, zikimulikwa zinang'aa samawati. Karatasi ya vita hufifia tu, kama uso wa mzee aliyeamshwa usingizini.

Kuna aina moja ambayo bandia zake zimejaa, nayo ni karatasi ya Adolf Hitler mwenyewe, yenye jina lake na tai wa dhahabu. Wamarekani walioingia katika ofisi na nyumba zake mwaka 1945 walichukua karatasi hizo na kuwaandikia watu wao. Sajenti Horace Evers aliandika kutoka katika nyumba ya Hitler mjini Munich, akiwaeleza watu wa kwao aliyoyaona katika kambi ya mateso ya Dachau. Richard Helms, ambaye baadaye aliongoza shirika la ujasusi la CIA, alimwandikia mwanawe wa miaka 3 siku ya ushindi Ulaya, akimweleza mwenye karatasi ile alikuwa mtu wa namna gani. Barua hiyo iko katika jumba la makumbusho la CIA. Sijui matumizi bora kuliko hayo ya karatasi ile. Ila karatasi tupu ya Hitler, isiyoandikwa kitu, inayouzwa kwa fedha nyingi kwa ajili ya kichwa chake, usiilete nyumbani kwako. Kule Ujerumani sheria inakataza kuionyesha hadharani nembo ya Wanazi nje ya elimu, sanaa na historia. Kwangu sheria ni fupi zaidi: kichwa hicho kina haki ya kutunzwa pale tu palipo na mkono wa mtu mwingine chini yake unaokishtaki.

Utunzaji ni adabu za kawaida za nyumbani. Nawa mikono, uikaushe. Usivae glavu za pamba, zitararua ncha za karatasi. Usipige laminesheni, usiguse selotepu, usiandike kwa wino. Pini na klipu zenye kutu zitoe taratibu. Zikunjue barua zilale bapa kwenye majalada yasiyo na asidi, au kwenye mifuko ya poliyesta safi, si ile plastiki laini inayonuka. Sanduku usiliweke darini kwenye joto wala ghala la chini kwenye unyevu. Liweke chumba ambacho wewe mwenyewe ungelala. Aliyeko Mombasa au Unguja apambane zaidi na unyevu na mende, na asikubali sanduku liguse sakafu au ukuta, kwa sababu ya mchwa. Karatasi ya wakati wa vita ni duni, inakuwa ya njano na kukatika yenyewe. Ipige picha leo, mbele na nyuma, pamoja na bahasha.

Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Missouri. Uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Katika yale ya jeshi la nchi kavu, kwa watu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, karibu asilimia 80 yalikwenda. Hayakuwa na nakala. Kwa wengi wao, kichwa cha barua na namba ya kona ya bahasha ndivyo vinavyobaki kuonyesha walikuwa kikosi gani, kambi gani, mwezi gani. Andrew Carroll, ambaye nyumba ya familia yake mjini Washington iliungua pamoja na barua zao, alianza mwaka 1998 kuwaomba Wamarekani wasitupe barua za vita. Zilimjia kwa maelfu, na alizozipata, karibu 100,000, alizikabidhi Chuo Kikuu cha Chapman, California. Kama huna pa kuyapeleka mafungu yako siku ukichoka, taasisi kama hizo zipo, na zinapenda fungu zima.

Umenunua karatasi, hukununua maneno. Kwa sheria ya Marekani, barua ambayo haijachapishwa hubaki mali ya mwandishi na warithi wake miaka 70 baada ya kifo chake. Askari aliyekufa mwaka 1944, haki hiyo ilikwisha mwishoni mwa 2014. Aliyerudi akafariki 1995, itadumu hadi mwisho wa 2065. Lakini mbali na sheria kuna heshima. Mtafute mwenye damu. Mimi nilimpata mjukuu wa kijana wa barua 27, nikampelekea picha zote. Alijibu kwamba kwao walikuwa wanamjua babu asiyesema neno, aliyekuwa akikunja soksi zake kila usiku na kuzihesabu. Nikampelekea tena barua ya 4, ambamo analalamika kwamba soksi hazitoshi, safari hii yenyewe si picha. Fungu langu sasa lina 26, na mahali pa ya 4 nimeweka karatasi yenye jina la aliko.

Nimeng'ang'ania vichwa na viwiliwili, na sababu iko ndani ya sanduku langu la barua. Babu yangu alikuwa keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza. Baada ya Mogadishu kutekwa Februari 1941 alikaa huko na kikosi chake, na kila baada ya muda alimwandikia bibi. Bibi hakujua kusoma. Barua ikifika ilipelekwa kwa mwalimu, ikasomwa barazani mbele ya majirani, salamu za fulani zikamfikia fulani, watu wakacheka na wengine wakalia. Kisha karatasi ikaishia kufungia chumvi, au ikawa sigara ya mzee mmoja. Bahasha moja ilipona kwa sababu muhuri wake ulikuwa mzuri: duara lenye herufi E.A.A.P.O., yaani posta ya jeshi la Afrika Mashariki, na kando yake alama ya mkaguzi. Jina la bibi limeandikwa kwa mwandiko wa kujifunza, kila herufi peke yake. Ndani hamna kitu. Hakuna aliyebaki kati ya waliokuwa barazani barua yake iliposomwa.

Kama kwenu kuna mkebe wa biskuti juu ya kabati ambao watoto hukatazwa kuugusa, mwombe mwenyewe ruhusa, uushushe leo jioni. Hesabu bahasha, kisha hesabu barua. Zisipolingana, na mwenye mkebe bado yuko hai, mkalishe akusimulie zilizopotea zilisema nini, na wewe uandike kwa penseli.